Labda: Kielezi Kilichotoka Katika Yakini Kikaingia Katika Shaka

Neno labda ni miongoni mwa vielezi tunavyovitumia kila siku pasipo kuvichunguza. Mtu akisema, "Labda mvua itanyesha," sote twaelewa kwamba hana hakika. Hata hivyo, msikilizaji ajuaye Kiarabu ana haki ya kushangaa, kwani asili ya neno hili ni la budda, yaani "hakuna namna ya kuepuka". Safari inayoelezwa kwa la budda ni safari ya lazima. Je, neno la ulazima limekujaje kuwa neno la shaka? Mhadhara huu unakusudia kulijibu swali hilo, na kuonyesha kwa nini jibu lake linawahusu wafasiri, wakalimani na mahakimu.

Tuanze na umbo. La ni kikanushi. Budd ni nomino yenye maana ya njia ya kuepukia. Kiswahili kiliupokea usemi huu kwa namna mbili. Kwa namna ya kwanza, kiliuchukua mzima, irabu u ikadondoka, na sehemu zake zikaungana kuwa neno moja. Leo mzungumzaji hahisi kuwa ndani ya labda mna kikanushi. Kwa namna ya pili, nomino peke yake ilitoholewa ikawa budi, na ukanushi ukatiwa kwa sarufi yetu wenyewe: hapana budi, sina budi, hatuna budi. Ndiyo maana budi haliachani na ukanushi. Hakuna asemaye "nina budi". Kwa hiyo labda na hapana budi ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja amebaki na urithi wa ulazima, mwenziwe amehamia katika shaka.

Maana ilihamaje? Ufunguo umo katika Kiarabu chenyewe, ambamo la budda haielezi wajibu tu, bali pia hitimisho la akili. Natuchukue mfano wa watu wanaomngoja msafiri. Aliyemwona kwa macho husema tu, "Amefika." Asiyemwona, ila ameviona viatu vyake mlangoni, husema, "Lazima amefika." Kauli ya pili ina neno zito zaidi, lakini ujuzi ulio nyuma yake ni mdogo zaidi. Neno la ulazima likizoeleka katika makisio, wasikilizaji huanza kulifungamanisha na makisio yenyewe, na polepole yakini hupungua. Hii ndiyo njia inayotueleza vyema safari ya labda.

Safari hiyo si ya Kiswahili peke yake. Kielezi cha Kiingereza doubtless kimeundwa kwa neno lenye maana ya shaka na kiambishi chenye maana ya "bila". Lakini mara nyingi hutumika pale msemaji anapokisia tu. Katika Kifaransa, sans doute ni "bila shaka" kwa umbo, ilhali maana yake ya kawaida ni "yaelekea". Anayetaka yakini kamili husema sans aucun doute, "bila shaka yoyote". Nasi tujisikilize wenyewe. Mwenyeji anapomwambia mgeni, "Bila shaka umechoka," je, anajua au anakisia?

Yafaa pia tuvitazame vielezi jirani. Pengine limetokana na mahali, huenda na kitenzi cha mwendo, na yamkini na neno la Kiarabu la uwezekano. Hayo hayakuanzia katika ulazima. Labda ndilo lililoukana ukoo wake.

Wapo wanaodai kwamba Waswahili wamelikosea neno hili na kwamba tulirudishe katika maana yake ya Kiarabu. Dai hilo halina msingi. Etimolojia hutueleza neno limetoka wapi. Maana yake ya leo huamuliwa na jamii inayolitumia. Aliyeijua asili pekee, akafasiri labda kwa neno la ulazima, atakuwa amepotosha.

Na upotoshaji huo una gharama. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Shahidi anayesema, "Labda alikuwa yeye," na yule anayesema, "Hapana budi alikuwa yeye," wametumia maneno ya asili moja, lakini hawajatoa ushahidi wa uzito mmoja. Wa kwanza anakiri kwamba hajui. Wa pili anahitimisha, na hakimu anapaswa kumwuliza amehitimisha kutokana na nini. Hata huyo wa pili hajasema kwamba aliona. Kati ya kuona, kuhitimisha na kukisia, uhuru wa mtu waweza kupatikana au kupotea. Na mpaka wake umewekwa na kielezi kimoja.