Madishi Mawili, Lori Moja

Ukipanda kutoka Mombo na kuipita Soni, anza kutazama mapaa. Mawimbi ya mnara wa ardhini husafiri kama mwanga wa tochi: yakikutana na kilima yanaishia hapo, na Usambara ni kilima nyuma ya kilima. Ndiyo maana nyumba nyingi zilizokaa mabondeni hutegemea dishi. Ukitazama vizuri zaidi utaona madishi hayo hayaelekei upande mmoja. La DStv karibu limelala chali, kwa kuwa setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki na Lushoto iko kwenye nyuzi 38, yaani karibu juu ya utosi. La Azam linatazama magharibi, likiifuata setilaiti iliyo nyuzi 7. Fundi akiliona dishi kwa mbali anajua ndani kuna king'amuzi gani.

Kwa mtazamaji, madishi hayo ni maduka mawili ya burudani. Kwa mtu anayetengeneza tamthilia ya Kiswahili ni wanunuzi wawili wa kazi yake, na mmoja wao amebadilisha mmiliki.

Tarehe 22 Septemba 2025 kampuni ya Ufaransa, Canal+, ilishika rasmi usukani wa MultiChoice ya Afrika Kusini, mama wa DStv. Jambo hili halikuja ghafla. Canal+ ilianza kununua hisa kidogo kidogo mwaka 2020. Mwanzoni mwa 2024 ikavuka asilimia 35, na kwa sheria za Afrika Kusini anayevuka mstari huo hulazimika kuwatangazia bei wenye hisa wote waliobaki. Bei ikatulia kwenye randi 125 kwa hisa, ambayo inaipa kampuni nzima thamani ya karibu randi bilioni 55. MultiChoice ilifika mezani ikiwa imechoka. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2025 ilipoteza wateja milioni 1.2, ikabaki na milioni 14.5. Naira ya Nigeria ilikuwa imeporomoka, gharama za maisha zilikuwa zimewabana watu, na vijana walikuwa wamezoea kutazama kila kitu kwenye simu.

Kwa nini kampuni za burudani humezana? Sababu kubwa ni hesabu moja. Haki za kuonyesha ligi kubwa ya mpira, au msimu mmoja wa tamthilia, zikishalipiwa zimelipiwa. Mtazamaji wa milioni moja na moja haongezi gharama yoyote ya maana. Mwenye wateja wengi humgawia kila mmoja kipande kidogo cha gharama ile ile. Canal+ na MultiChoice kwa pamoja zina wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi karibu 70. Huko Marekani hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyoifanya Disney itoe dola bilioni 71 mwaka 2019 kuchukua sehemu kubwa ya Fox, na ndiyo iliyozigombanisha Netflix na Paramount mwishoni mwa 2025 zikiitaka Warner Bros.

Ukubwa huo una faida ya kweli, na sitaki kuificha. Desemba 2025 wateja wa DStv walikuwa katika hatari ya kupoteza chaneli kama CNN na Cartoon Network, kwa kuwa mkataba na Warner Bros. Discovery ulikuwa unafika mwisho. Makubaliano yalipatikana dakika za mwisho. Mnunuzi anayewakilisha nyumba milioni 40 husikilizwa na Wamarekani kuliko anayewakilisha milioni 14. Lakini sauti hiyo nzito inayomfaa mbele ya Hollywood ndiyo hiyo hiyo atakayoitumia mbele ya mtayarishaji wa Dar es Salaam mwenye kamera mbili na madeni ya waigizaji. Hapa ndipo ninapoona mjadala wetu umepotea njia. Kila kampuni zinapoungana tunauliza kama bei ya kifurushi itapanda. Ni swali la haki, lakini ni swali la mlaji. La muuzaji halijaulizwa.

Watu wa Lushoto wanalijua swali la muuzaji kuliko wachumi wengi. Mkulima wa kabichi wa Lukozi au Malindi hapangi bei ya Dar es Salaam. Anachokijua ni malori mangapi yamepanda asubuhi hiyo. Yakija matano, madalali wanapandishiana. Likija moja, dalali anaanza kusema kabichi zako ndogo, barabara mbaya, soko la mjini limejaa. Gunia la viazi nalo linashonewa kilemba juu, lumbesa, na mzigo wa gunia moja na robo unalipwa kama gunia moja. Lumbesa ni marufuku kisheria, nayo haijaisha, kwa sababu mkulima mwenye mnunuzi mmoja hana pa kulipeleka gunia lake baada ya kumkatalia. Chai ni ngumu zaidi, maana jani lililochumwa leo lazima lifike kiwandani leo. Kiwanda cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013 kwa sababu ya mgogoro, wakulima wa Bumbuli walibaki miaka na mashamba ya kijani yasiyokuwa na mnunuzi wa karibu.

Filamu zetu nazo zimeshapita njia ya lori moja. Kabla na baada ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba mwezi Aprili 2012, soko la Bongo Movie liliendeshwa na wasambazaji wachache, Steps Entertainment ikiwa mbele yao. Mtayarishaji alikuwa akiuza masta: analipwa mara moja, na kazi inaondoka na haki zake zote. Filamu ikiuza nakala nyingi au chache, yeye ameshamalizana nayo. Baadaye nakala feki zikalimaliza soko la diski, na wengi walioigiza wakabaki na majina makubwa yasiyo na mapato. Ninalirudia jambo hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu tulilia sana juu ya wizi wa nakala na tukasema machache mno juu ya mikataba.

Kilichoifufua kazi ni ushindani wa ving'amuzi. MultiChoice ilileta Maisha Magic Bongo, ikaagiza tamthilia ndefu kama Huba na Jua Kali. Azam, iliyoanza kurusha matangazo Desemba 2013, ikaweka Sinema Zetu. Waandishi, wapiga picha, mafundi wa sauti na wapambaji wakaanza kupata kazi ya msimu mzima badala ya wiki mbili. Hadithi nzuri iliyokataliwa mlango mmoja iliweza kubisha hodi mlango wa pili.

Milango hiyo haijafungwa. Ila mmoja sasa ufunguo wake uko Paris, na mwenye ufunguo ana lugha nyingi za kuhudumia na ahadi ya kubana matumizi aliyowapa wenye hisa wake. Akitaka kujaza saa moja ya jioni kwa Kiswahili, ana njia rahisi kuliko kuagiza tamthilia mpya: kutia sauti za Kiswahili kwenye kazi iliyokwisha kulipwa kwingine. Njia hiyo tunaijua tangu TBC ilipotuonyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake mwaka 2011, na tamthilia za Kituruki zimeipanua. Watu wanazipenda, na wana haki ya kuzipenda. Ninachohofia ni saa zinazobaki kwa ajili ya yetu.

Afrika Kusini iliona hatari kama hiyo ikajikinga. Sheria yake hairuhusu mgeni kuwa na zaidi ya asilimia 20 ya kura katika kampuni yenye leseni ya utangazaji, hivyo kampuni yenye leseni ilitengwa kwenye mikono ya wenyeji. Mahakama ya Ushindani ilipoidhinisha muungano Julai 2025 iliweka masharti: wafanyakazi wasipunguzwe kwa miaka mitatu, na fedha ziendelee kwenda kwenye filamu, tamthilia na michezo ya huko. Masharti hayo yanaishia mpaka wa Limpopo. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani yenye mamlaka juu ya miungano mikubwa. Tume hiyo ingeweza kujiwekea desturi ya kuuliza, kila muungano wa habari na burudani unapofika mezani kwake: wanunuzi wangapi wa kazi za Kiswahili watabaki?

Wala tusimtazame Azam kama mkombozi kwa kuwa ni wa nyumbani. Ana haki za Ligi Kuu kwa miaka kumi tangu 2021, kwa shilingi bilioni 225.6, na ni kwa sababu ya Simba na Yanga kwamba dishi lake limepanda hadi Mlalo na Mtae. Fedha hizo zimezisaidia klabu, hilo halina ubishi. Hata hivyo mnunuzi wa nyumbani aliyebaki peke yake naye hujifunza kushona kilemba.

Kuna upande wa matumaini. Canal+ ina wateja mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni Bukavu na Goma. Tamthilia iliyopigwa Tanga ingeweza kuonekana huko bila kutafsiriwa, na sasa mnunuzi wa Tanzania na mwenye wateja hao ni kampuni moja. Canal+ pia ina desturi ya kununua watengenezaji wenyewe: ROK Studios ya Nigeria mwaka 2019, Zacu Entertainment ya Rwanda mwaka 2022. Ikija kununua hapa kwetu, kila kitu kitategemea kilichoandikwa kuhusu masta. Kabichi haisubiri, lakini viazi vilivyokomaa mkulima anaweza kuviacha ardhini wiki kadhaa akingoja lori lenye bei. Filamu ambayo haki zake hurudi kwa mtayarishaji baada ya miaka mitano ina subira ya viazi.

Nikiwa Lushoto huifikiria hadithi ya Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyekuja kutoka Nguu, akagawa nyama, akaua simba, na Wasambaa wakamfanya mtawala wao. Abdallah bin Hemedi aliiandika katika Habari za Wakilindi zaidi ya miaka mia iliyopita. Ni tamthilia ya misimu kadhaa, na Vuga alikotawala ipo pale pale, na msitu wa Magamba upo. Siku kijana wa Soni atakapoiandika, kwanza atatafuta wa kuilipia. Kisha atapewa mkataba, na ninatamani awe na mkataba wa pili mfukoni wa kuulinganisha nao.