Mama mjamzito, usijibane kifua

Katika soko la Gakoromone mjini Meru, au kule Embu, si ajabu kumwona mama mjamzito akipima sidiria ya mtumba juu ya blauzi, akalipa na kwenda zake. Hilo ni kosa. Matiti hukua tangu miezi ya kwanza, na baada ya kujifungua, sidiria inayobana au yenye waya huweza kuziba mirija ya maziwa. Titi huvimba, likawa gumu na la moto, na mama akashikwa na homa.

Chagua ya pamba yenye kanda pana, vidole viwili vipite chini ya mkanda. Ya kunyonyeshea inunue mwezi wa mwisho, iwe na nafasi. Na titi likiuma, usimwachishe mtoto: mnyonyeshe, kisha uende kliniki mapema.