Mama wa Kitui, Mtoto wa Jeddah

Mtu aliyezaliwa Jeddah, London au Tanga na mama wa kutoka Mwingi, Kitui, akalelewa huko hadi akawa mtu mzima, siku anapoanza kutafuta kitambulisho cha Kenya huambiwa kwamba anaomba uraia. Haombi kitu. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya, awe alizaliwa nchini au nje. Katiba haikuweka umri wa mwisho wa kudai. Mwenye miaka 40 anayefika ofisi za uhamiaji za Nyayo House, Nairobi, kwa mara ya kwanza ameishi miaka yote hiyo akiwa Mkenya asiye na hati, na kazi iliyobaki ni kuthibitisha mzazi wake ni nani. Mgeni anayetaka kuandikishwa kuwa raia kwa misingi ya ukaazi yuko katika hali nyingine kabisa: lazima awe ameishi Kenya kihalali miaka 7 mfululizo, kisha atimize masharti mengine yaliyowekwa na sheria. Wamakonde wa Kwale waliotembea hadi Nairobi mwaka 2016 kudai kutambuliwa nao waliingia kwa mlango wa kuandikishwa, kwa kipengele cha watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Mtoto wa Mkenya hana haja nao, na afisa anayempeleka huko anamnyima haki aliyozaliwa nayo.

Haki hii haikuwa hivi zamani, na walioumia zaidi ni watoto wa akina mama. Chini ya katiba ya kale, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya baada ya uhuru alipata uraia kupitia baba peke yake. Mwanamke wa mji wa Wote, Makueni, aliyeolewa na Mwingereza, akajifungulia Uingereza mwaka 1985, hakuweza kumrithisha mwanawe uraia wake, ilhali kaka yake aliyeoa huko huko aliweza. Katiba ya sasa iliifuta dhuluma hiyo: inasema kanuni mpya inawahusu pia waliozaliwa kabla yake, mradi mama au baba ni raia au aliwahi kuwa raia. Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa. Wakenya wengi walipoteza uraia kwa sababu sheria ya zamani ilikataza uraia pacha, na mtu akichukua pasipoti ya Uingereza au Marekani alihesabiwa ameacha ya kwao. Watoto wao hawakupotea pamoja nao. Wazazi wenyewe wanaweza kuurudisha uraia kwa kutuma maombi.

Kwa hiyo sheria iko wazi, na ugumu umehamia kwenye ushahidi. Hapo ndipo Kitui na Makueni zinapotufunza jambo. Wazee wengi wa kaunti hizi walizaliwa nyumbani, mbali na hospitali, wakati ambapo kijijini hakuna aliyefuata cheti cha kuzaliwa. Tarehe ya kuzaliwa ilikadiriwa kwa mwaka wa njaa au wa mvua kubwa. Jina liliandikwa alivyolisikia karani: Mutisya kwenye kitambulisho, Mutisia kwenye hati ya shamba, na la ubatizo likatangulia au likaachwa. Wapo pia watoto wa nyumba za iweto, desturi ya Wakamba ambapo mwanamke asiye na mtoto humwoa mwanamke mwingine ili amzalie watoto wa nyumba yake. Katika nyumba kama hizo safu ya baba kwenye karatasi inaweza kubaki tupu, na ukoo wote usione pengo lolote. Kisheria pia pengo hilo halimzuii mtoto, kwa kuwa mama aliyemzaa akiwa Mkenya inatosha. Afisa anayedai jina la baba kabla ya kusikiliza lolote anaisoma katiba iliyokwisha kufa.

Wapo wanaoogopa udanganyifu, na hofu yao ina msingi. Kitambulisho cha Kenya kina thamani, na kuna wanaokinunua. Lakini tuangalie nani hukamatwa na masharti magumu. Mdanganyifu aliyelipia hati huja na karatasi safi, majina yakilingana herufi kwa herufi. Mtoto wa kweli wa mzee wa Kyuso, Kitui, huja na tofauti za majina, tarehe za kukisia na cheti cha nchi ya kigeni. Ukiongeza karatasi zinazotakiwa, unamchuja wa pili na kumpitisha wa kwanza. Kinachomfichua mwongo ni ushahidi usionunulika kwa urahisi ukiwa wote pamoja: rekodi ya kitambulisho cha mzazi, daftari la ubatizo, kiapo cha ndugu wa baba au mama, chifu na wazee wa ukoo wanaoulizwa kila mmoja peke yake, na kipimo cha DNA pale shaka inapobaki. Tena hati zilizopatikana kwa ulaghai zinaweza kufutwa, basi kosa la kumkubali mwongo linarekebishika. Aliyekataliwa kimakosa hurudi alikotoka, na mara nyingi harudi tena.

Wengine huuliza: mtu asiyejua Kikamba wala Kiswahili, ambaye hajawahi kulipa kodi hapa, ana uhusiano gani na Kenya? Swali hili ni la heshima, ila dirisha la uhamiaji si mahali pake. Katiba ililipatia Bunge uwezo wa kuweka mipaka kwa vizazi vinavyozaliwa nje, na sheria ya uraia ya 2011 ikaweka sharti moja: mzazi awe yeye mwenyewe raia wa kuzaliwa. Karani hana mamlaka ya kuongeza la pili. Na tusisahau kwamba kuzaliwa Saudia peke yake hakumpi mtu uraia wa Saudia. Mtoto aliyezaliwa Jeddah na mfanyakazi wa nyumbani kutoka Makueni, bila baba aliyemtambua, huenda hana nchi nyingine duniani isipokuwa hii.

Aliyezaliwa Tanzania naye ana tahadhari yake. Kenya inakubali uraia pacha kwa raia wa kuzaliwa, na Uganda nayo imeuruhusu, lakini Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Akifuata pasipoti ya mama yake huenda akapoteza haki alizozoea, kuanzia ardhi hadi kura. Apime kabla ya kuanza. Yeyote anayeamua kuanza, na mzazi wake bado yu hai, ashughulikie kwanza karatasi za mzazi: usajili uliochelewa wa kuzaliwa, hati ya kiapo ya kuunganisha majina, nakala ya kitambulisho kilichopotea. Mzazi aliye hai anaweza kusimama mbele ya chifu na kusema huyu ni wangu. Akishazikwa, shahidi mkuu hayupo, na kila tofauti ya herufi moja inageuka kuwa kesi.