Kesi ya Mazingira Haiishi Siku ya Hukumu
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza nani anaweza kufungua shauri la mazingira. Leo tutazame habari za mashauri hayo zinavyotufikia.

Nilikuwa barazani Kiwengwa, Zanzibar, maji yamekupwa, akina mama wakipandisha magunia ya mwani yanayochuruzika. Mzee mmoja alikuwa akila njugu zilizofungwa kwa kipande cha gazeti. Alipozimaliza akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti: wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika na madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri chakavu, wameamuliwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. "Wameshapata chao hao," akasema.

Lakini karatasi ile ilikuwa ya Julai 2020. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Aliyesoma gazeti la 2020 peke yake anaamini wameshinda, na aliyesoma la 2023 anaamini wameshindwa. Hakuna aliyeandikiwa uongo. Wote wawili wamekatiwa hadithi.

Tazama pia Tabata, Dar es Salaam. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliamuru Jiji liache kumwaga taka pale. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, hadi Jaji Lugakingira alipolikatalia mwaka 1991. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao ikawabidi waende mahakamani. Hukumu ilikuwa habari ya siku moja. Magari ya taka yaliendelea kutembea kila asubuhi.

Kosa jingine ni kuandika nani kashinda bila kueleza kwa nini. Novemba 2023 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilitupa shauri la kupinga bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga kwa sababu lilifunguliwa nje ya muda. Haikusema bomba lina madhara wala halina. Msomaji aliyeambiwa tu kwamba wanaharakati wamebwagwa atadhani hoja zao zilipimwa zikaonekana nyepesi.

Tusiwalaumu waandishi peke yao. Kesi huahirishwa mara kwa mara, na nauli ya kwenda kusikiliza tarehe ikitajwa upya nani ailipe? Kisha mwandishi akiuliza ofisini hujibiwa: "Jambo liko mahakamani." Jibu hilo humtia woga bure. Kinachokatazwa ni kumhukumia jaji kesi yake, si kuripoti kwa uaminifu yaliyosemwa mahakamani mbele ya watu.

Haya yanatuhusu Kiwengwa, penye mahoteli, mashamba ya mwani na Msitu wa Hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe, vyote vikigombea ardhi na pwani ile ile. Ukisoma habari ya kesi, uliza mambo matatu: mahakama imeamuru nini hasa, kuna rufaa, na nani atakwenda kuangalia kama amri imetekelezwa?

Nilipomweleza mzee yaliyofuata Owino Uhuru, aliipapasa karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. "Basi nitafutie ya mwisho," akasema.

Wiki ijayo: sheria ya mazingira ya Zanzibar, na kwa nini si ile ya Bara.