LibreOffice
LibreOffice ni mkusanyo wa programu huria za kazi za ofisi. Hutumika kwenye kompyuta zenye Windows, macOS au Linux. Kila mtu anaruhusiwa kuipakua, kuitumia na kuwapa wengine bila malipo.

Matumizi
Writer hutumika kuandika barua na ripoti. Calc ni programu ya lahajedwali, inayofaa kwa mfano kwa hesabu za duka au alama za wanafunzi. Impress hutayarisha slaidi. Kuna pia Draw kwa michoro, Base kwa hifadhidata na Math kwa fomula za hisabati.

Historia
Asili yake ni StarOffice ya kampuni ya Star Division, Ujerumani. Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, kisha ikaweka wazi msimbo wa programu, na mradi wa OpenOffice.org ukazaliwa. Mwaka 2010 Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle. Baadhi ya wasanidi walihofia hatima ya mradi. Tarehe 28 Septemba 2010 walitangaza The Document Foundation na LibreOffice. Leseni huria iliwaruhusu kuendelea na msimbo uleule.

Muundo wa faili
LibreOffice huhifadhi nyaraka katika muundo wa ODF, uliokubaliwa na ISO mwaka 2006. Maelezo ya muundo huo yako wazi kwa wote, hivyo nyaraka zinaweza kusomwa kwa programu nyingine pia. Faili za Microsoft Word hufunguka vilevile, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kubadilika.