Siku kravati ilirudi Kikula: habari za tarehe 24 Aprili 1990

Leo sitaandika juu ya CV wala barua ya kuomba kazi. Nataka tusome habari za siku moja tu, mardi tarehe 24 Aprili 1990, na tucheke kidogo. Wengi wenu hamukuwa mumezaliwa. Miye nilikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa Kikula, na redio ya baba ilikaa dirishani ili hata majirani wasikie.

Habari ya kwanza: Muzee analia

Mobutu alikuwa madarakani tangu tarehe 24 Novemba 1965. Chama kilikuwa kimoja, MPR, na kila mtu alihesabiwa kuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake. Kwenye televisheni, kabla ya habari, sura yake ilishuka toka mawinguni. Siku hiyo, kule N'Sele karibu na Kinshasa, alitangaza kwamba chama kimoja kimekwisha. Vitakuwa vyama 3, sindika za wafanyakazi zitakuwa huru, na kipindi cha mpito kitachukua mwaka 1. Kisha sauti ikakatika. "Comprenez mon émotion," alisema, yaani muelewe uchungu wangu. Machozi yakatoka.

Bibi jirani, ambaye Kifaransa kilimupita pembeni, aliuliza: "Analia nini? Nani alimupiga?"

Swali zuri. Ukuta wa Berlin ulikuwa umefunguliwa Novemba 1989, na rafiki yake Ceauşescu wa Romania alipigwa risasi Desemba ileile. Na hapa nyumbani, tangu Januari 1990, Mobutu mwenyewe alikuwa amewaomba raia watoe mawazo yao. Alipokea maandishi zaidi ya 6,000. Ukiomba watu wakuambie ukweli, kuna hatari moja: wanaweza kukuambia.

Habari ya pili: kravati inaruhusiwa

Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 kravati ilikuwa haramu. Mwanaume wa heshima alivaa abakosti, jina lililotoka kwa Kifaransa "à bas le costume", chini suti. Katika hotuba ileile, Mobutu akasema sasa kila mtu avae anavyotaka, lakini yeye mwenyewe hawatamuona na kravati shingoni mwake.

Baba yangu mudogo hakungojea hotuba iishe. "Letea miye ile valizi!" Chini kabisa, chini ya karatasi za ndoa, ilitoka kravati nyekundu, pana kama ulimi wa ng'ombe, inanuka naftalini. Shida ikawa moja: alikuwa amesahau namna ya kuifunga. Wanaume watano walibishana karibu saa nzima. Mama akapita na sufuria ya sombe, akaangalia: "Munafunga mutu ao munafunga mbuzi?"

Habari ya tatu: jicho limepanda angani

Siku hiyohiyo ambayo mtu wa mawinguni alishuka chini, Wamarekani walirusha darubini ya Hubble juu, ndani ya chombo Discovery, kutoka Florida. Kioo chake kilikuwa na upana wa mita 2.4. Ilisemekana itaona mwisho wa ulimwengu. Mwezi wa Juni wakagundua kwamba picha zina ukungu: kioo kilikuwa kimesuguliwa vibaya ukingoni, kosa dogo kuliko unene wa unywele. Dunia nzima ikawacheka.

Habari ya nne: Wajerumani wanapanga feza

Huko Bonn, wakuu wa Ujerumani mbili, Kohl na de Maizière, walikubaliana kwamba tarehe 1 Julai pande zote mbili zitatumia feza moja. Kwetu hakuna aliyesikiliza ile. Tulikuwa tunaangalia shingo ya baba mudogo.

Sasa tupige hesabu

Feza ya Wajerumani ilifika tarehe 1 Julai kama ilivyosemwa. Kulikuwa na pande mbili, siku iliyotajwa, na mkataba uliowekwa sahihi mwezi wa Mei. Hubble ilitengenezwa Desemba 1993: wenyewe walikubali kosa mbele ya watu, wakapanda juu, wakaipatia kama miwani. Mpaka leo inaona.

Na yetu? Siku 9 baadaye, tarehe 3 Mei, Mobutu alisimama mbele ya wabunge na kufunga sehemu kubwa ya mlango aliokuwa ameufungua. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi walishambuliwa kwenye kampasi ya Lubumbashi. Serikali ilikubali kifo 1. Wengine walisema makumi, na wengine zaidi. Mpaka leo hesabu inabishaniwa. Hapo Kikula hakuna aliyecheka tena. Wazazi waliokuwa na watoto kule walikaa barabarani wakiuliza kila gari linalotoka Lubumbashi. Baba mudogo alirudisha kravati ndani ya valizi bila mtu kumuomba.

Mpito wa mwaka 1 ulichukua miaka 7, ukaisha kwa bunduki Mei 1997.

Kwa yote yaliyotangazwa N'Sele siku ile, kitu kilichosimama bila kutetereka ni kravati. Juu ya nini? Juu haikumunyang'anya mkubwa kitu chochote. Yale mengine yalikuwa zawadi ya mtu mmoja, yametolewa kwa mdomo, na mdomo uleule uliweza kuyarudisha.

Njo maana nawaandikia. Siye wenye diplome tunasoma kila asubuhi: kazi kwa vijana, barabara mpya, umeme utarudi. Tusikatae kufurahi. Lakini kabla ya kufungua valizi tuulize: siku gani? Nani mwingine ameweka sahihi? Asipofanya, nani anaweza kumulazimisha? Kama majibu hayapo, ile ni habari ya kravati tu.

Na weye, wazee wako walikuwa wapi siku ile? Waulize wangali hai. Kisha uandike hapa, tusome.