Kutoka Katumba hadi Dar es Salaam kwa Njia ya Anga

Mkazi wa Katumba, makazi yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi, anayetaka kufika Dar es Salaam kwa ndege hulazimika kwanza kwenda katika uwanja wa Mpanda, ambao umetenganishwa na jiji hilo kwa takriban kilomita 900 za umbali wa anga, yaani urefu wa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kati ya sehemu mbili. Barabara, kwa kuwa huzunguka kupitia Tabora na Dodoma, huongeza mamia ya kilomita, na reli ya Mpanda hupanda kwanza kaskazini hadi Kaliua ndipo iungane na Reli ya Kati.

Hata hivyo, kugawa umbali kwa mwendo hakutoshi kukadiria muda. Ndege ya mapangaboi inayokwenda kilomita 600 kwa saa ingemaliza kilomita hizo kwa saa moja na nusu, lakini mwendo huo hupatikana angani juu tu, na kupaa, kushuka na kusubiri njia ya kurukia huongeza dakika ambazo abiria anapaswa kuzihesabu; nayo ndege ikitua Tabora njiani, hesabu yote hubadilika.

Umbali huo huonekana hata kwa jua: baada ya kufika Dar es Salaam, huchelewa takriban dakika 33 kufika Mpanda, ingawa saa za miji yote miwili husomeka sawa.